KTLA, Kituo cha Televisheni cha Los Angeles

Tarehe 22 Januari 1947 kituo cha KTLA kilianza matangazo ya kibiashara jijini Los Angeles, cha kwanza nchini Marekani magharibi mwa mto Mississippi. Kilimilikiwa na kampuni ya filamu ya Paramount na kusimamiwa na Klaus Landsberg, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani.

Sifa yake ilitokana na msiba. Ijumaa, 8 Aprili 1949, Kathy Fiscus, mtoto wa miaka mitatu, alitumbukia katika kisima chembamba kilichoachwa wazi huko San Marino, karibu na jiji. Landsberg alipeleka kamera. Kwa saa 27 hivi watazamaji waliwaona wachimbaji wakipigania kumfikia. Usiku wa Jumapili, iliyokuwa Jumapili ya Matawi, ilitangazwa kwamba mtoto amefariki. Je, huko kulikuwa kuchungulia majonzi ya wazazi, au kukesha pamoja nao? Nadhani yote mawili.

Mwaka 1958 KTLA ilirusha helikopta yenye kamera ya televisheni. Machi 1991 ikaonyesha kanda ya polisi wakimpiga Rodney King, iliyorekodiwa na raia kutoka roshani ya nyumba yake.