Jengo kabla ya jengo: historia ya programu za 3D katika usanifu

Programu za kusanifu majengo kwa 3D zina umri wa miaka sitini na ushei, na chimbuko lake halikuwa ofisi ya wasanifu. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika chuo cha MIT nchini Marekani, aliwasilisha tasnifu kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Iliendeshwa kwenye TX-2, kompyuta kubwa ya maabara ya Lincoln. Mchoraji alishika kalamu ya nuru, akagusa skrini yenye inchi 7 kila upande, akaanzisha mstari kwenye nukta moja na kuuvuta hadi nyingine. Mistari miwili iliyokwenda upande iliweza kuamriwa iwe sambamba, na mashine ikainyoosha yenyewe. Lenye uzito zaidi lilikuwa suala la nakala: umbo lilichorwa mara moja, likanakiliwa kadiri ya haja, na la asili lilipobadilishwa nakala zote zilibadilika nalo. Msanifu wa leo anayepanua dirisha moja na kuona madirisha yote ya ghorofa yakipanuka anatumia wazo hilohilo.

Sketchpad ilichora vitu bapa. Mwaka uleule Timothy Johnson, naye wa MIT, alitengeneza Sketchpad III, iliyogawa skrini sehemu nne: umbo linavyoonekana kutoka juu, kutoka mbele, kutoka ubavuni, na jinsi jicho la mtu lingeliona likiwa zima. Mstari uliochorwa katika sehemu moja ulijitokeza katika zote. Skrini ya sehemu nne haijatoweka mpaka sasa.

Haja ya kitu kama hicho inaeleweka mtu akiitazama ramani ya kawaida ya nyumba. Ramani ni jengo lililokatwa kwa mlalo, kana kwamba msumeno umepita kwenye kuta na sehemu ya juu ikaondolewa. Mchoro wa mkato unalikata kwa wima. Michoro ya nje inaonyesha kila upande peke yake. Hakuna hata karatasi moja yenye jengo lenyewe. Fundi ndiye anayeviunganisha vipande hivyo kichwani. Kuta zikiwa zimenyooka, hilo halina shida, na miji mingi imejengwa hivyo. Shida huanza umbo linapopinda.

Jumba la opera la Sydney ndilo lililoonyesha shida hiyo mbele ya dunia nzima. Jørn Utzon, msanifu wa Denmark, alishinda shindano la kulisanifu mwaka 1957 kwa michoro ya mapaa yaliyofanana na matanga. Michoro ilipendeza, lakini haikusema mapindo yale yanafuata kanuni gani, na bila kanuni wahandisi wa kampuni ya Ove Arup hawakuwa na cha kukokotoa. Walijaribu umbo moja baada ya jingine kwa miaka kadhaa, wakisaidiwa na kompyuta za wakati huo. Ufumbuzi ulipatikana mwaka 1961: mapaa yote yangekuwa vipande vya tufe moja, lenye nusukipenyo cha takriban mita 75. Kwa kuwa uso wa tufe hupinda sawasawa kila mahali, mbavu za zege ziliweza kumwagwa katika kalibu zilezile tena na tena. Jengo lilifunguliwa mwaka 1973, Utzon akiwa ameshajiuzulu tangu 1966. Tanga lililochorwa kwa mkono huru liliachwa kwa sababu hakukuwa na njia ya kulishika na kulipima.

Njia hiyo ilikuwa tayari inatafutwa kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault, kila mmoja kwa upande wake, walivumbua hesabu ya kueleza pindo lolote kwa nukta chache: nukta ikisogezwa, pindo zima linaifuata kwa ulaini. Citroën iliificha kazi ya de Casteljau kama siri ya kiwanda, na ndiyo maana mapindo hayo yanaitwa kwa jina la Bézier.

Katika usanifu wenyewe, hatua kubwa kuliko zote haikuwa ya uzuri wa picha. Charles Eastman, aliyesomea usanifu na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alieleza mwaka 1975 mfumo ambao ndani yake ukuta ni ukuta, wenye unene, vifaa na mahali pake, na si mistari miwili inayokwenda pamoja. Ramani, mikato na hesabu ya vifaa vyote vingetolewa kwenye hifadhi moja, hivyo badiliko moja lingeingia kila mchoro. Asiye na mfumo kama huo huhamisha mlango kwenye ramani, akasahau kuuhamisha kwenye mkato, na kosa likaja kuonekana tofali zikiwa zimeshapanda.

Kompyuta za bei nafuu hazikuwa na nguvu za kubeba wazo hilo. AutoCAD, iliyotoka mwaka 1982, ilianza kama meza ya kuchorea iliyohamia kwenye skrini, na ofisi nyingi ziliridhika nayo. Huko Budapest, Gábor Bojár na wenzake walioanzisha Graphisoft walichukua njia nyingine. Miongoni mwa kazi zao za mwanzo ilikuwa kuunda kwa 3D mabomba ya kituo cha nyuklia cha Paks, na mwaka 1984 wakatoa programu ya majengo iliyokuja kuitwa ArchiCAD. Ujasiri wao unastahili kutajwa zaidi kuliko unavyotajwa.

Mapindo na majengo yalikutana katika ofisi ya Frank Gehry, mtu ambaye mwenyewe hakuwa mtumiaji wa kompyuta. Gehry alifinyanga kwa karatasi na mbao. Wasaidizi wake walipita juu ya kielelezo kwa mkono wa chuma wenye ncha, na kila ncha ilipogusa, nukta moja iliingia kwenye CATIA, programu ambayo Dassault ya Ufaransa iliitengeneza kwa ajili ya ndege. Jaribio la kwanza kubwa lilikuwa sanamu ya samaki ya Barcelona, ya mwaka 1992. Kisha likaja jumba la makumbusho la Guggenheim mjini Bilbao, lililofunguliwa mwaka 1997, limevikwa karibu vipande 33,000 vya titani vyenye unene wa chini ya nusu milimita. Nguzo zake za chuma zilikatwa kwa vipimo vilivyotoka kwenye modeli yenyewe. Kile ambacho Utzon alikikosa, Gehry alikipata: umbo lisilo na kanuni rahisi, lakini lenye vipimo kila sehemu.

Miaka mitatu baadaye milango ilifunguka kwa wengi. Revit, ya mwaka 2000, ililirudisha wazo la Eastman kwenye kompyuta ya mezani. Autodesk iliinunua mwaka 2002. Mwaka uleule wa 2000 ilitoka SketchUp, kazi ya kampuni ndogo ya Boulder, Colorado. Anayeifungua huchora mstatili wa mita 4 kwa 3, huushika kwa kipanya, huuvuta juu hadi mita 3, na chumba kimesimama. Akichora mstatili mdogo ukutani na kuusukuma ndani, dirisha limepatikana. Google iliinunua mwaka 2006 na kutoa toleo la bure, na kwa hatua hiyo hata asiye na ofisi wala fedha za leseni aliweza kujenga kwenye skrini.

Kazi ikaanza pia kwenda kinyumenyume, kutoka jengo hadi modeli. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, uliochukua jina lake kwenye Kiswahili, umepima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa miale ya leza. Kifaa kinasimamishwa kwenye miguu mitatu ndani ya Msikiti Mkuu, kinazunguka, na kila mwale unaogonga jiwe la tumbawe unarudi na umbali wake. Mamilioni ya nukta hukusanyika kuwa kuba, nguzo na mihrabu ya jengo lililoanza kujengwa karne ya 11 bila karatasi yoyote iliyobaki. Modeli ikikamilika, inakatwa kwa mlalo na kwa wima, na michoro ya mkato inayotoka humo inawafaa wanaokarabati kuta ambazo bahari na mizizi vinaendelea kuzila.