Nani atamzika mgeni? Historia fupi ya vikundi vyetu ng'ambo ya ziwa



Katika vikundi tulivyotembelea miezi hii, swali moja lilirudi kila fasi: umoja wetu ubaki wa watu waliotoka ukimbizini tu, ao tuwafungulie mlango majirani ambao hawakuvuka ziwa? Katika kikundi kimoja sauti zilipanda mpaka mkutano ukafungwa bila maombi. Mzee mmoja alisimama akasema: «Bale balikulaka mihogo yetu wakati tulikuwa mu kambi.» Mama mmoja, naye alirudi na boti kama yeye, akamuuliza polepole: «Na bazazi betu benye tuliacha hapa, nani alibazikaka?» Nyumba ikanyamaza.

Jambo hilo litapigiwa kura kwenye mkutano mkuu. Kabla ya siku ile, sisi tunaozunguka na vikundi tumeona vizuri tuandike vile vikundi hivi vilianza, juu swali la yule mama ni la zamani kuliko umoja wetu. Watu wa upande wetu wa Ziwa Tanganyika wamekuwa wageni ng'ambo tangu zaidi ya miaka 150.

Jina tulilopewa ugenini

Katika karne ya 19, misafara ya biashara ya pembe na watumwa ilivuka ziwa kutoka Ujiji na kuingia mpaka Kasongo na Nyangwe, karibu na mto Lualaba. Iliporudi, ilirudi na watu wetu. Wengine walikuwa watumwa, wengine wapagazi, wengine askari wa matajiri wa misafara. Walitoka katika makabila mengi: Wabembe, Wagoma, Wabangubangu, Wakusu, Wazimba. Nyumbani kila kabila lilikuwa na lugha yake na machefu wake. Ng'ambo, wenyeji waliwaita wote jina moja: Wamanyema.

Mwanzoni jina lile halikuwa la heshima. Lakini wazee wale walilishika, wakalifanya kuwa jamaa. Ujiji, Tabora, Dar es Salaam, na baadaye katika kartie ya Buyenzi kule Bujumbura, mtu aliyesema «mimi Mmanyema» alikuwa mtu mwenye watu. Kule Dar es Salaam, Kariakoo, Msikiti wa Manyema uko mpaka leo. Kwa mgeni, msikiti ni zaidi ya fasi ya kuswali. Ni fasi ambapo sanda inapatikana, jeneza linapatikana, na mabega ya kulibeba yanapatikana, hata kama marehemu hana kaka wala mjomba katika mji mzima.

Tukiangalia vizuri, ndiyo kazi ya kwanza ya vikundi vingi vya ugenini. Mtu akiwa kwao, hahitaji kujiandikisha fasi yoyote ili azikwe. Ukoo upo. Akivuka maji, ukoo umebaki nyuma, na usiku anajiuliza: nikifa hapa, nani atanifunika? Kikundi ni jibu la swali lile. Ngoma, soda na vikao vya kupiga hadithi za nyumbani vinakuja baadaye.

Ngoma yenye majenerali

Wengi wetu tulisikia wazee wakitaja ngoma ya beni. Ilianza pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikafuata watu wa kazi na askari kuingia bara. Vita ya kwanza ya dunia iliisukuma mbali zaidi. Mwaka 1916 Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, lilifika mpaka Tabora, na nyuma ya kila askari kulikuwa wapagazi wetu wengi. Baada ya vita, beni ilikuwa katika miji mingi ya Tanganyika, na ilifika mpaka kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi kule Katanga.

Kwa macho, beni ilikuwa mchezo: watu wanapiga gwaride, wamevaa kama wazungu, wana kingi wao, wana majenerali na madaktari. Vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilishindana kwa nguo na kwa chakula cha karamu. Mara nyingi Marini ilikuwa ya wale waliojiona watu wa mji, na Arinoti ikawapokea waliotoka bara. Lakini nyuma ya ngoma kulikuwa michango. Memba akigonjwa, wenzake walimtazama. Akifa, chama kilimzika kwa gwaride, na mpagazi aliyedharauliwa mchana kutwa akasindikizwa kama mkubwa. Mtu aliyefika leo kutoka mji mwingine alitafuta chama chake, akapata fasi ya kulala.

Wakoloni, Waingereza na Wabelgiji wote, waliiogopa ngoma ile. Waliona watu wasio na chefu mmoja, wasio wa kabila moja, wakitii wakubwa waliojichagulia wenyewe na kutunza feza zao wenyewe. Waliona vizuri. Beni ilifundisha jambo ambalo ukoo haufundishi: kuaminiana na mtu ambaye si ndugu yako, juu tu anatoa mchango sawa na wewe.

Kikundi kinapogeuka ukuta

Historia ina upande wa pili, nao ulipita ndani ya inchi yetu wenyewe. Mtu haitaji kuvuka mpaka ili awe mgeni. Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Maniema, hata Rwanda na Burundi. Mjini, watu waliungana kwa asili yao: wa Kasai na wa Kasai, wa Lomami na wa Lomami. Kazi ya vyama ilikuwa ile ile: ugonjwa, kilio, kupokea mgeni, kutafutia kijana kazi. Havikuwa vibaya.

Katika miaka ya 1950 mambo yakabadilika. Utawala wa wazungu uliogopa vyama vya siasa, lakini uliviacha vyama vya makabila viendelee. Kwa hiyo siasa iliingia kupitia mlango uliokuwa wazi. Kule Léopoldville, ABAKO ilizaliwa mwaka 1950 kama chama cha kutunza lugha na desturi za Wakongo. Miaka michache baadaye ilikuwa chama cha siasa. Elisabethville ilipiga kura ya komini mwisho wa mwaka 1957, na watu waliotoka inje ya Katanga walishinda viti vikubwa. Mwaka uliofuata, 1958, vyama vya wenyeji viliungana na kuunda CONAKAT. Orodha iliyotumika kujua nani achangie jeneza sasa ilitumika kujua nani ni mwenyeji na nani ni mgeni.

Tunajua vile iliishia. Mwaka 1992 na 1993, maelfu na maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wengi wao wamezaliwa kulekule. Familia zililala kwenye stesheni ya Likasi kwa majuma mengi zikingojea treni, na watoto walikufa palepale. Walikufa katika mji ambao babu zao walisaidia kujenga, mikononi mwa majirani waliowahi kukaa pamoja nao kwenye matanga.

Hatusemi kwamba kikundi cha kilio kinazaa vita. Vita ilikuwa na wenyewe, na walikuwa na vyeo. Tunasema kwamba kikundi kikianza kuuliza «wewe ni wa wapi?» kabla ya kuuliza «umefiwa na nani?», kimeandaa orodha, na siku moja mwenye nia mbaya atakuja kuiomba.

Kaye ya kambini

Sasa tufike kwetu. Vita ya mwaka 1996 ilipofika Uvira na Fizi, watu walivuka kwa mitumbwi na boti mpaka Kigoma. Mwaka uleule Tanzania ikafungua kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Mwaka 1997 ikafuata Lugufu. Sisi tunaoandika haya tulivuka tukiwa watoto, wengine mgongoni mwa mama. Tulisoma programu ya Kongo, kwa Kifaransa, katika shule za kambini, juu wazazi wetu walisema: tutarudi.

Mkimbizi hakuruhusiwa kutembea anavyotaka. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 ilimtaka akae ndani ya fasi aliyopangiwa. Feza zilikuwa kidogo. Lakini kifo hakikuomba ruhusa ya kuingia. Kwa hiyo vikundi vilianza tena, kama Ujiji ya zamani: vya wamama, vya makanisa, vya kwaya, vya watu wa kijiji kimoja.

Kikundi kimoja kimetuonyesha kaye yake ya wakati ule. Ukurasa wa kwanza una kilio cha mtoto. Hakuna feza iliyoandikwa. Kuna majina, na mbele ya kila jina kitu kilicholetwa: vikombe viwili vya unga, kikombe cha maharagwe, kipande cha sabuni, kitenge kimoja cha kufunika. Vyote vilitoka katika chakula cha kugawiwa, yaani kila mtu alitoa mdomoni mwa watoto wake. Safu ni mbili tu: jina, na alicholeta.

Mbele kidogo, mkono mwingine umechora safu ya tatu: «Territware». Tulimuuliza mama aliyeitunza ile kaye kwa nini. Alisema watu wa Fizi na watu wa Uvira walianza kuhesabiana nani anatoa zaidi. Baada ya kurasa chache kaye inaishia. Kikundi kilikatika vipande viwili, na kipande kimoja kilikufa kabisa. Alitueleza bila hasira, kama mtu anayeeleza namna chungu kilivyopasuka.

Kurudi ni kuwa mgeni mara ya pili

Mwezi wa 10, mwaka 2005, boti za kwanza za kurudisha watu zilitoka Kigoma kuelekea Baraka. Lugufu ikafungwa mwaka 2009, waliobaki wakapelekwa Nyarugusu. Wengine wa ndugu zetu walienda mbali zaidi, mpaka Marekani, na kule pia wameunda vikundi vya kuchangiana kilio. Baadhi yenu mnaosoma barua hii ni wao. Historia haijabadilika, ni maji tu yamekuwa mapana zaidi.

Tulifikiri kwamba tukifika nyumbani, vikundi vitakuwa bila kazi. Tulikuta kinyume. Mashamba yalikuwa na watu wengine. Nyumba zilikuwa miti. Wengine walikuta ukoo umebaki mtu mmoja, ao hakuna. Ndiyo sababu umoja wetu ulianzishwa, na ndiyo sababu tulichukua mpango wa MUSO wenye makasha matatu: la kijani kwa mikopo, jekundu kwa ugonjwa na kilio, la bluu kwa feza zinazotoka inje.

Kwa ninyi wafadhili, hapa tuna neno moja. Msada wenu ukae katika kasha la bluu. Mara mbili tuliona kikundi kinachoweka feza za mfadhili katika kasha jekundu, na mara mbili wamemba waliacha kuchanga. Kasha jekundu lina nguvu juu kila mtu anajua franka yake imo ndani. Mkilijaza ninyi, mtalivunja, hata kama mna roho nzuri.

Na kwa wamemba wenzetu, tunasema wazi tunavyofikiri. Wale waliobaki hawakukaa katika raha. Walilala porini, waliporwa, walitembea kutoka kilima mpaka kilima. Walikuwa wakimbizi bila kadi ya chakula. Wengine kweli walilima mashamba yetu, na mambo ya mashamba yana fasi yake mbele ya chefu na wazee. Yasiamuliwe kwenye kilio. Lakini ni wao waliochimba makaburi ya babu na bibi zetu, bila kaye, bila kasha, bila mtu wa kuwaandika.

Tunapendekeza mlango ufunguliwe, kwa masharti yaleyale yaliyotubana sisi: mchango sawa kila juma, miezi 6 ya kuchanga kabla ya kupata msada, na funguo tatu za kasha ziwe mikononi mwa watu watatu, mmoja wao awe kati ya waliobaki. Katika kaye tuandike jina na mchango. Safu ya tatu tusiichore tena.

Anayefikiri tofauti aje aseme. Mkutano ni wa wote. Kila kikundi kilete kaye yake na wajumbe wawili, mmoja awe mwanamke. Na yule mzee na yule mama tumeshawaomba wakae mbele, karibu karibu.