Amerikani: kitambaa kilichokuwa pesa

Mtoto wa leo hapa Piana-Mwanga akisikia "amerikani", anafikiri mtu wa Marekani. Mzee anafikiri kwanza kitambaa: pamba nzito, nyeupe, isiyotiwa rangi.

Wote wawili wana haki. Neno ni moja, limetoka katika Kiingereza, na maana yake ni mtu au kitu cha Amerika. Amerika nayo ni jina la Mwitaliano, Amerigo Vespucci, lililowekwa kwenye ramani mwaka 1507. Sasa limekuwaje nguo huku kwetu?

Mwaka 1833 Sultani Seyyid Said wa Zanzibar alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Meli za Salem, Massachusetts, zilileta vitambaa na kurudi na pembe za tembo. Watu wakakiita kitambaa kwa jina la waliokileta. Misafara ilikibeba kutoka Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji, kisha mitumbwi ikavuka ziwa mpaka Mtowa, kaskazini ya Kalemie.

Njiani kitambaa kilikuwa pesa. Kilipimwa kwa mkono, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole: mikono 4 ni shuka, mikono 8 ni doti. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871, wapagazi wake walibeba marobota ya amerikani. Bila hayo hakuna chakula, wala ruhusa ya kupita kwa machifu. Malipo hayo ya kupita yaliitwa hongo. Siku hizi tunaitoa kwa siri.

Kwa kitambaa hicho zilinunuliwa pembe, na wakanunuliwa watu. Hapo ndipo neno hili linaniuma. Pamba yenyewe ililimwa na watumwa Weusi kusini mwa Marekani. Mtumwa wa kule alilima nguo iliyomnunua mwenzake wa huku.

Vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, ilifanya pamba yao iadimike. Vitambaa vya Uingereza na vya Uhindi vikachukua soko, lakini watu waliendelea kusema amerikani.

Baadaye, wakati wa Wabelgiji, Kalemie ilipata kiwanda chake cha kusokota na kufuma pamba, Filtisaf. Mashine zilinyamaza zamani. Leo ukisema Filtisaf, dereva wa pikipiki anakupeleka tu mahali, na nguo tunazovaa zinavuka ziwa kama zamani.