Mwalimu amefariki, masomo yake yangali

Ndugu wasikilizaji wa Kasongo na Kabambare, na ninyi familia mliokimbia vijiji vyenu, karate ilitoka kisiwa cha Okinawa, Japani. Mwaka 1922 mwalimu Gichin Funakoshi aliionyesha Tokyo. Wakati ule mwanafunzi alijifunza kwa kumtazama mwalimu wake, akirudia kata, yaani mfuatano maalum wa mapigo na vizuizi.

Mwanafunzi wake, Hirokazu Kanazawa, alikuwa bingwa mwaka 1957, kisha mwaka 1978 akaanzisha shirikisho lake la kimataifa. Kata zake zilirekodiwa kwa video. Alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 88, lakini video hizo zinafundisha hadi leo.

Kijana aliyeachana na mwalimu wake kwa sababu ya vita anaweza kuziweka kwenye kadi memori ya simu, aone mguu unakanyaga wapi na mkono unaanzia wapi. Ila video haioni goti lililopinda vibaya, wala haimkanyi mwenye hasira. Kwa hiyo mjifunze wawili wawili: mmoja afanye, mwenzake amsahihishe. Mkimpata mwalimu, mwonyesheni.

Funakoshi alifundisha kwamba karate huanza na kuisha kwa heshima, na mwanakarate hapigi wa kwanza. Vijana wetu, wanaovutwa kila siku na makundi yenye silaha, washike hilo kabla ya pigo lolote. Anayekimbia huacha nyumba na shamba. Kata iliyoingia mwilini huenda naye.