Western Breach na jukumu la kiongozi wa mlima

Kupanda Kilimanjaro hakujawahi kuwa kazi ya mgeni peke yake. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, walikuwa wamepitia Marangu na kusaidiwa na wapagazi. Hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1973, na tangu 1991 mgeni haruhusiwi kupanda bila kiongozi mwenye leseni. Tangu hapo kiongozi ndiye wa kusema twende au turudi, ilhali njia huwa imeshachaguliwa na kampuni na kulipiwa na mgeni miezi kadhaa kabla.

Mvutano huo ulionekana wazi Western Breach, mteremko mkali wa upande wa magharibi. Huko mawe hushikiliwa na barafu. Jua likiipiga, barafu hulegea na mawe huporomoka. Ndiyo maana viongozi huwatoa wageni kambi ya Arrow Glacier usiku, kofia ngumu kichwani, ili wavuke sehemu mbaya kabla ya joto. Tarehe 4 Januari 2006 mawe yaliwaua Wamarekani watatu. Njia ikafungwa, kisha ikafunguliwa tena karibu miaka miwili baadaye.

Kampuni nyingi humtaka mgeni atie saini kuwa anaijua hatari. Saini hiyo huilinda kampuni mahakamani. Jiwe halisomi karatasi. Septemba 2015 Mmarekani mwingine aliuawa na jiwe papo hapo Western Breach. Leo kampuni kadhaa hazipeleki tena wageni kwa njia hiyo.