Hongo, Ushuru na Vita vya Unyanyembe
Msafiri Burton alipopita Ugogo, katikati ya Tanzania ya leo, mwaka 1857, na mwenzake Stanley mwaka 1871, waliandika juu ya hongo, yaani malipo ya kupita, kwa uchungu wa watu walioporwa. Kila mtemi aliusimamisha msafara, wakavutana juu ya nguo za merikani na kaniki, shanga na nyaya, pengine kwa siku kadhaa, hadi mkuu wa msafara akakubali yaishe. Naamini kulipa huko ndiko kulikoifanya njia ya Tabora ipitike. Ugogo ni nchi kavu, visima vilikuwa na wenyewe, na mamia ya wapagazi lazima wanywe na kula. Mtemi naye alizitaka nguo za pwani, na misafara ikiacha kupita kwake, hapati kitu. Atakayesema mnyonge hulipa kwa kukosa nguvu akumbuke kwamba misafara mikubwa ilijaa bunduki, na bado ililipa.

Gharama ya kukataa ilionekana Tabora kwenyewe. Karibu na mwaka 1860 Mnywa Sere, mtemi wa Unyanyembe, nchi iliyozunguka Tabora, alitaka kutoza ushuru bidhaa za wafanyabiashara Waarabu wa huko. Walimgomea, wakamng'oa, wakamtawaza Mkasiwa, wakadhani yamekwisha. Mnywa Sere akaingia porini na kushambulia misafara. Msafiri Speke alijaribu kuwapatanisha mwaka 1861 akashindwa, na vita havikuisha hadi mtemi huyo alipouawa mwaka 1865. Kisha akaja Mirambo, mtemi mwingine wa Wanyamwezi. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji, na Agosti sehemu ya Tabora ikateketezwa. Miaka ikapita kabla wafanyabiashara hawajapatana naye, baada ya kupoteza mali na watu kwa kiasi ambacho ushuru wa Mnywa Sere, nina hakika, usingefikia kamwe.

Ugumu wa hoja hii uko kwa Isike, mrithi wa Mkasiwa. Alikataa kusalimu amri kwa Wajerumani, na Januari 1893 boma lake lilipovunjwa aliilipua baruti yake akiwa ndani. Je, naye alikosea? Sidhani. Mgogo na mwenye msafara walijua watakutana tena msimu ujao, wakihitajiana vilevile. Ndiyo maana kila mmoja aliweza kulegeza. Waarabu wa Tabora waliikubali bendera ya Kijerumani mwaka 1890 kwa mapatano na Emin Pasha, aliyewatumikia Wajerumani, kwa kuwa bado walitarajia kufanya biashara chini yake. Kwa Isike, Wajerumani walikuwa wanautaka utemi wenyewe, na hapo hapakubaki kiasi cha kuvutana.