Kutoka Kuzuia Hadi Kutetea: Vyama vya Wafanyakazi vya Marekani na Wahamiaji, 1986–2002

Vyama vya wafanyakazi vya Marekani havikuanza kwa kuwatetea wageni. Shirikisho la AFL, lililoundwa mwaka 1886 chini ya Samuel Gompers, ambaye mwenyewe alizaliwa London, liliunga mkono sheria za kuwazuia vibarua wa Kichina. Hoja yake ilikuwa kwamba mgeni anayekubali ujira mdogo hushusha ujira wa wote. Insha hii inabainisha kwamba hoja hiyo iliachwa baada ya uzoefu wa kazini kuonyesha kuwa kilichoshusha ujira ni hofu ya mgeni ya kufukuzwa nchini, wala si ugeni wake.

Dalili zilijitokeza mapema. Mwezi Desemba 1976, wafanyakazi wa Sure-Tan, kampuni ndogo ya ngozi mjini Chicago, walipiga kura ya kuwakilishwa na chama. Baada ya chama kushinda, mwajiri aliiandikia idara ya uhamiaji barua, na Februari 1977 wafanyakazi watano walikamatwa na kuondoka kwenda Meksiko. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mfanyakazi asiye na hati analindwa na sheria ya kazi, na kwamba mwajiri aliivunja. Hata hivyo, iliwanyima malimbikizo ya mishahara kwa kipindi ambacho hawakuwa na ruhusa ya kuwapo nchini. Haki ilitambuliwa, lakini fidia ikapunguzwa.

Pamoja na hayo, shirikisho la AFL-CIO liliunga mkono adhabu kwa waajiri zilizowekwa na sheria ya uhamiaji ya Novemba 1986. Sheria hiyo iliwahalalisha takriban watu milioni 2.7, na papo hapo ikakataza kumwajiri kwa makusudi mtu asiye na kibali. Ilitarajiwa kwamba adhabu ingemwelemea mwajiri. Badala yake ilimpa silaha. Ukaguzi wa hati uliweza kuitishwa pale wafanyakazi walipoanza kujipanga. Mwaka 1990, wakaguzi wa serikali waliliarifu Bunge kwamba sheria hiyo imezaa ubaguzi ulioenea katika ajira.

Mwaka huohuo, wasafishaji wa majengo mjini Los Angeles, wengi wao kutoka Meksiko na Amerika ya Kati, waligoma katika eneo la Century City. Walipigwa na polisi tarehe 15 Juni, lakini wakapata mkataba. Mgomo huo uliidhoofisha dhana kwamba wahamiaji hawawezi kujiunga na mapambano ya chama.

Februari 2000, baraza tendaji la AFL-CIO, likikutana New Orleans, lilidai adhabu za 1986 zifutwe na wasio na hati wahalalishwe. Halikukubali kila aina ya uhamiaji: lilipinga kupanuliwa kwa mipango ya vibarua wa muda, kwa kuwa kibarua wa aina hiyo hufungwa kwa mwajiri mmoja.

Mageuzi hayo hayakubadili sheria. Mwaka 2002, katika kesi ya Hoffman, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba mfanyakazi asiye na hati aliyeachishwa kazi kwa kuunga mkono chama hastahili malimbikizo ya mishahara. Kwa hiyo, utetezi wa wahamiaji haukuwa hisani. Ulikuwa sharti la kulinda haki ya kujipanga, ambayo haiwezi kuwa salama kwa mwenyeji ikiwa jirani yake kazini anaweza kunyamazishwa kwa barua moja.